Mbwa wa Ituri aliyefundisha wanasayansi, na vijana wa Bunia wanaotafuta pa kujifunzia

Mjini Bunia, kumwita mtu basenji ni kutafuta ugomvi. Neno hilo kila mtu analijua. Ni mshenzi wa Kiswahili aliyevishwa nguo ya Kilingala: mtu wa porini, asiyejua kunawa wala kusalimia. Wakati wa Wabelgiji lilitupwa kwa watu wa vijiji, na hata leo likitupwa sokoni, wenye subira hugeuza uso na wasio nayo hurudisha jibu.

Lakini Uingereza na Marekani ukitaja basenji hakuna anayekasirika. Watu wanauliza bei. Huko ni jina la mbwa: mdogo, mara nyingi mwekundu na mweupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na asiyebweka kama wengine. Akifurahi anatoa sauti kama ya mtu anayeimba akiwa mbali. Mbwa huyo alitoka Kongo na nchi jirani, na huku kaskazini-mashariki ndiko walikorudi kumtafuta mara nyingi: kwa Bambuti wa msitu wa Ituri, kwa Azande wa Uele, na kwa jirani zao. Wageni walipouliza ni mbwa gani, waliambiwa ni mbwa wa basenji, mbwa wa washenzi. Jina likaandikwa vitabuni na likabaki.

Historia ya mbwa huyo inafaa kukumbukwa leo kwa sababu moja. Vijana wengi wa Bunia wanapenda kufuga mbwa. Mmoja anataka mlinzi wa parseli, mwingine anataka kuuza watoto wa mbwa, mwingine anaota kuwa muganga wa wanyama. Lakini katika maeneo ya wakimbizi wa ndani kuna watoto wa miaka minane au tisa ambao mbwa wanamjua kwa jiwe tu: anapita, wanamtupia. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kumshika. Zamani kulikuwa na njia ya kuonyeshwa, na haikuwa shule.

Mwaka wa 1870 mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth alipita katika nchi ya Azande. Katika kitabu chake cha safari alieleza mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja, waliofungwa njuga za mti shingoni ili wasipotee katika majani marefu. Njuga hiyo inajulikana vizuri pia kwa Bambuti. Mbwa asiyebweka hawezi kumwambia mwenyewe yuko wapi, kwa hiyo shingo yake inasema badala ya mdomo. Wakati wa kwenda porini njuga huzibwa kwa majani ili isiwashtue wanyama. Wakifika mahali pa kuwinda, majani hutolewa na mbwa huachiwa.

Sasa mtoto alijifunzaje kumlea mbwa wa namna hiyo? Upande wa Epulu, Bambuti wanawinda kwa nyavu. Wanaume hutandaza nyavu, wanawake na watoto hupiga kelele na kuwafukuza wanyama kuelekea huko. Mtoto alikuwa tayari kazini kabla ya kuota meno ya pili. Mbwa mchanga naye alipelekwa kwa namna hiyo hiyo, nyuma ya wakubwa. Mtoto aliona mbwa amechomwa na mwiba, aliona nani anautoa na kwa mkono gani, aliona mbwa gani anauma na kwa nini. Jioni mbwa walilala karibu na moto uleule.

Kuna jambo lingine ambalo wafugaji wa Ulaya walilishangaa. Mbwa wengi wa mjini hupata joto mara mbili kwa mwaka, lakini jike wa basenji hupata mara moja tu. Hubeba mimba siku zipatazo 63 na huzaa watoto wanne hadi sita hivi. Maana yake, katika kambi ya msituni nafasi ya kuona watoto wa mbwa wakikua ilikuja mara moja kwa mwaka. Aliyeikosa alisubiri mwaka mzima.

Lakini si vizuri kuipaka asali historia hii. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Bambuti karibu na Epulu katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake maarufu juu yao mwaka wa 1961, aliandika kwamba mbwa hao, pamoja na thamani yao, walipigwa mateke tangu kuzaliwa hadi kufa. Wengine wamesema alizidisha. Yeyote aliyekulia kijijini Ituri anajua kwamba hakuzidisha sana. Mbwa alipewa mabaki, alipigwa akiiba, na hakuna aliyemwita mtoto wake. Elimu iliyokuwepo ilikuwa ya kazi. Mapenzi, yakiwepo, yalikaa kimya.

Wazungu walipoanza kuwachukua mbwa hawa, walikuwa na mapenzi mengi na elimu kidogo. Mwaka wa 1895 walionyeshwa wawili katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London. Wakafa muda mfupi baadaye. Mwaka wa 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka kusini mwa Sudan. Nao wakafa. Mwaka wa 1936 Olivia Burn alifika Uingereza na mbwa kutoka Kongo ya Wabelgiji, na mwaka uliofuata alipowaonyesha Crufts watu walisongamana kuwaona. Wengine waliopelekwa Marekani wakati huo walikufa karibu wote.

Kilichowaua mara nyingi kilikuwa ugonjwa mmoja, ule ambao waganga wa wanyama wa huku, waliosoma kwa Kifaransa, huuita maladie ya Carré. Ni virusi. Mbwa anatoka makamasi na tongo, anahara, kisha anatetemeka na kuanguka. Huwapata hasa watoto wa mbwa. Mbwa wa msituni alikuwa hajawahi kukutana nao kama mbwa wa miji ya Ulaya walivyokutana nao, na chanjo ya wakati ule ilikuwa bado changa. Mbwa walioshinda chui na nguruwe wa porini waliangushwa na makamasi ya mbwa wa jirani. Jambo hilo halijabadilika: Bunia pia, mtoto wa mbwa aliyenunuliwa leo na kufa baada ya wiki tatu, wengi husema amerogwa au mwenye kumuuza alikuwa na mkono mbaya. Mara nyingi ni Carré, au ndugu yake parvo, yule wa kuhara damu.

Waliopona walizaa. Klabu ya basenji ya Uingereza iliundwa mwaka wa 1939. Mwaka wa 1941 jike mmoja alionekana Boston ndani ya meli ya kahawa iliyotoka Afrika Magharibi, amekonda, akapewa jina la Congo. Mwaka wa 1956 Marekani ilitoa filamu juu ya mvulana wa vinamasi vya Mississippi anayemlea mbwa wa aina hii, na watoto wengi wa huko wakataka wao pia. Mwaka wa 1987 na 1988 wafugaji Wamarekani walirudi kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta damu mpya, wakawapata mbwa vijijini kwa Azande na kuwaita Avongara, jina la ukoo wa watawala wa Azande. Mwaka wa 2021 wanasayansi waliosoma chembe za urithi za basenji walionyesha kwamba tawi lake limetoka karibu kabisa na shina la mbwa wote wa kufugwa.

Lakini mchango mkubwa wa mbwa huyu haumo katika filamu wala katika damu. Umo katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani.

Huko, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, John Paul Scott na John Fuller walianza kuwachunguza watoto wa mbwa tangu siku ya kuzaliwa. Walichagua aina tano, na moja ilikuwa basenji. Walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na kitabu chao kikatoka mwaka wa 1965. Walitaka kujua nini kinatoka kwa damu na nini kinatoka kwa malezi. Watoto wa basenji waliwapa kazi. Wakiwa na wiki tano, mtu akiingia walikimbia, walilia, walijaribu kuuma. Ungesema ni wanyama wa pori kabisa. Kisha, kwa kushikwa kila siku na kuchezewa, walitulia haraka, wakawa kama wengine.

Kutoka hapo likajulikana jambo ambalo sasa lipo katika kila kitabu cha ufugaji. Mtoto wa mbwa ana dirisha. Linafunguka akiwa na wiki tatu hivi na kuanza kufungwa karibu na wiki ya 12. Katika muda huo, anachokizoea hakimwogopeshi tena: mikono ya watu, sauti ya pikipiki, watoto wanaokimbia, mbuzi, redio. Katika jaribio jingine la palepale, lililotangazwa mwaka wa 1961, watoto wa mbwa walilelewa uwanjani bila kuguswa na mtu mpaka wiki ya 14. Walipotolewa walikuwa hawashikiki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Bar Harbor walimwekea samaki huyo tarehe.

Kwa hiyo mbwa aliyeitwa wa washenzi alisaidia kuufundisha ulimwengu namna ya kumlea mtoto wa mbwa asiwe mkali. Leo huko Marekani kijana wa miaka tisa anaweza kuingia katika kundi la 4-H, akapewa mtu mzima wa kumwongoza na daftari la kuandika mbwa alikula nini, akakimbia lini, aliumwa nini. Kuna mashindano ya vijana ambapo hahukumiwi mbwa bali kijana: namna anavyomshika, anavyomtuliza, anavyomfanya asimame. Mbwa anayesimama mbele yake anaweza kuwa mjukuu wa mbwa wa Uele.

Na huku alikotoka?

Mjini Bunia mambo yalienda kwa njia nyingine. Wazungu wa migodi ya Kilo-Moto na wa mashamba walikuja na mbwa wao wakubwa wa Ulaya, na vijana wa kazi za nyumbani ndio waliowapikia, waliowaogesha na kuwatoa kupe. Baada ya uhuru mbwa hao waliingiliana na wa mtaani. Wakatokea hawa wa leo wa Mudzipela, Nyakasanza, Saio na Lumumba: miguu ya mmoja, masikio ya mwingine, jina Simba au Bobi. Njia ya kujifunza ikahama kutoka kambi ya msituni hadi parseli. Mbwa wa jirani akizaa, watoto wote wa avenyu walijua. Walikwenda kuchungulia, wakafukuzwa, wakarudi. Mwenye parseli, mara nyingi mama au mzee fulani mwenye maneno machache, alichagua mmoja asiye na fujo na kumwambia: wewe leta maji. Huyo ndiye aliyepewa mtoto wa mbwa mwishoni.

Njia hiyo inahitaji vitu vya kawaida kabisa: nyumba isiyohama, jirani anayejulikana, mbwa jike anayelishwa. Vita vya Ituri viliondoa vyote.

Vita vilivyoanza Djugu mwaka wa 1999 vilifika Bunia. Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka, mji ulipiganiwa na makundi ya silaha kwa siku kadhaa. Mamia ya watu waliuawa. Maelfu walikimbilia karibu na makao ya MONUC na uwanja wa ndege, mpaka jeshi la Ulaya la Artemis lilipoingia mwezi wa Juni. Habari za siku zile zilizungumza juu ya maiti barabarani na mbwa waliokuwa juu yake. Waliokuwepo wanakumbuka, hawahitaji kuelezwa. Ni vizuri lisemwe mara moja, kwa sababu vijana wa leo hushangaa kwa nini mama au nyanya hataki mbwa apite mlangoni. Si ukali. Kuna watu wa mji huu ambao hawajamwangalia mbwa kwa jicho la zamani tangu mwezi ule.

Kisha ikaja Desemba 2017. Vijiji vya Djugu vikaanza kuchomwa tena. Mapema mwaka wa 2018 maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda, na wengine wakaja Bunia na kulala karibu na Hospitali Kuu. Baadaye wengi walihamishiwa Kigonze. Katika mtumbwi uliojaa watoto na masufuria hapakuwa na nafasi ya mbwa. Aliyebaki kijijini aligeuka mwindaji wa kuku waliobaki, kisha wa lolote. Aliyemfuata mwenyewe kwa miguu mpaka Bunia alikuta mahali ambapo kibanda kimoja cha turubai kinagusa kingine na hakuna mabaki ya chakula, kwa kuwa hakuna chakula cha kubakisha.

Mtoto aliyezaliwa Kigonze hana mwenye parseli wa kumwambia leta maji.

Wengine watasema hii si shida ya kwanza wala ya kumi. Ni kweli, mpaka siku mtoto anapoumwa. Kichaa cha mbwa, kile ambacho waganga huita rage, huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, karibu wote Afrika na Asia. Katika vifo 100, 99 hutoka kwa mbwa, na katika watu 10 wanaokufa, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kabla hazijaanza, dawa ipo: kuosha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo. Chanjo ya mtu ni ghali na haipatikani kila mahali. Sabuni inapatikana hata Kigonze. Lakini dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri, na wengi huosha kwa dakika moja, wakapaka mafuta au jani, wakafunga.

Julai 1885 Louis Pasteur alimchanja kwa mara ya kwanza mtoto aliyeumwa, Joseph Meister, wa miaka tisa. Miezi mitatu baadaye akaja wa pili, Jean-Baptiste Jupille, mchungaji wa miaka 15. Huyu alikuwa na wenzake sita wadogo malishoni mbwa mwenye kichaa alipowajia. Akawaambia wakimbie, akabaki kupigana naye, akamfunga mdomo kwa mjeledi wake. Alipona, na sanamu yake ipo Paris mbele ya taasisi ya Pasteur. Mchungaji wa ng'ombe wa Djugu au Irumu anaweza kumwelewa Jupille kuliko Mfaransa wa leo anavyomwelewa.

Kijana anayejua mbwa hapigani na kila mbwa, wala hamkimbii kila mbwa. Anajua mbwa aliyelala haguswi, mwenye watoto haendewi, anayekula haondolewi mfupa. Anamwona mbwa aliyebadilika tabia, mkali ghafla au mpole ghafla, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, na anawaita wakubwa kabla wadogo hawajamzunguka. Ujuzi huo haupatikani kwa tangazo la redio peke yake. Unapatikana kwa kuwa karibu na watoto wa mbwa kwa wiki chache.

Hapa kuna jambo ambalo baadhi ya wanaotoa mawaidha hulisahau. Haifai kuiambia familia inayokula mara moja kwa siku ifuge mbwa. Ni matusi. Wala haina lazima, maana kujifunza si kumiliki. Yule mtoto wa avenyu aliyeleta maji hakuwa na mbwa wake. Alitumia wa jirani.

Na jirani yupo. Mbwa jike wanazaa Bunia kila mwezi, na mwenye parseli mara nyingi amechoka: watoto sita wanalia usiku, uchafu kila kona, na hana wa kumsaidia. Kijana anayefika mlangoni kwa adabu, "Hodi, mama. Nimesikia mbwa wenu amezaa. Ninaweza kuja jioni kusafisha mahali pao?", si kila mara atakubaliwa, hasa ikisikika kwamba ametoka kambini. Wapo watakaomwona mwizi. Ndiyo maana inafaa aende mara ya kwanza na mtu mzima anayejulikana pande zote mbili, mwalimu, mkubwa wa kanisa au wa msikiti, au nyumba kumi.

Akikubaliwa, kazi ina mpangilio wake. Siku 10 hadi 14 za kwanza macho ya watoto yamefungwa, na kazi ni kwa mama yao: apate maji, uji wa mahindi wenye ndagala zilizosagwa, kitambaa kikavu. Watoto hawabebwi ovyo. Mama akiwa na wasiwasi anaweza kuwahamisha au kuuma. Wiki ya tatu dirisha la Bar Harbor linafunguka. Hapo kijana aanze kuwashika, mmoja mmoja, dakika chache, mkono chini ya kifua na mwingine chini ya matako, kamwe si kwa mguu wala kwa masikio. Aguse makucha, afungue mdomo taratibu, aangalie masikio. Mbwa aliyezoea hivyo hatamng'ata muganga wa wanyama baadaye. Wiki ya nne wanaanza uji mwepesi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, huvunjika kama sindano tumboni. Kitunguu hapana.

Minyoo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo au huipata katika maziwa, ndiyo maana wengine wana tumbo kama ngoma na mbavu zinaonekana. Dawa hutolewa kuanzia wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili kwa kipimo cha muganga wa wanyama, kulingana na uzito. Minyoo hiyo humwingia mtoto wa binadamu pia, na inaweza kufika hata kwenye jicho. Kunawa mikono baada ya kuwashika si adabu ya shule tu.

Kumtoa mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya wiki nane ni kosa linalofanyika Bunia kila siku, kwa sababu ya pesa. Anayechukuliwa na wiki tano hajafundishwa na ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza. Wao humfundisha kwa kumrudishia.

Kijana aliyefuata uzao mmoja hivyo, na kuandika katika daftari tarehe ya macho kufunguka, uzito akipata mzani wa dukani, dawa na chakula, ana kitu cha kuonyesha. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Panapopangwa chanjo ya mbwa, wahudumu wa mifugo ni wachache, na kinachowachelewesha si sindano bali kumkamata na kumtuliza mbwa. Hapo anatakiwa mtu wa kushika kamba, wa kuandika kadi, wa kuwaambia watoto wasimame mbali. Hesabu ya wataalamu ni kwamba mbwa 70 katika 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika, na watoto wa mbwa wamo katika hesabu hiyo.

Mbele ya hapo njia ni nyembamba lakini ipo. Kongo ina shule za sekondari zenye mchepuo wa kilimo na mifugo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina kitivo cha tiba ya wanyama, ingawa kutoka Bunia kwenda huko ni kupita barabara ya Komanda na Luna, ambako magari yameviziwa mara nyingi. Huko Rumangabo, katika hifadhi ya Virunga, tangu mwaka wa 2011 kuna kikosi cha mbwa wa kunusa wanaosaidia walinzi kufuata majangili. Kilianzishwa kwa msaada wa Marlene Zähner, muganga wa wanyama kutoka Uswisi, na walinzi Wakongomani wanaishi na mbwa hao, wanawalisha na kuwafundisha. Ni mbwa wa aina ya Ulaya. Wa Ituri hawamo.

Wako bado msituni, upande wa Mambasa, na njuga zao, ingawa huko nako watu wamekimbia mara nyingi, tangu uvamizi wa mwishoni mwa 2002 ulioitwa Effacer le tableau hadi mashambulizi ya miaka hii. Jike wao kwa kawaida huzaa mara yake moja kwa mwaka. Wa mjini hawana msimu. Yupo mmoja atakayezaa wiki hii, Bankoko au Sukisa, chini ya gari bovu au nyuma ya jiko, na asubuhi mwenye parseli atatoka nje, atahesabu sita, na kujiuliza nani atamsaidia.